Askari si Tabibu
Katika riwaya yake A Man of the People (1966), Chinua Achebe anamwangusha Waziri Nanga, mla rushwa, kwa mapinduzi ya kijeshi. Nilipoisoma nikiwa mwanafunzi nilishangilia. Leo naona riwaya imekoma mapema mno. Wanajeshi waliitawala Nigeria tangu 1966 hadi 1979, kisha 1983 hadi 1999. Mwaka 1993 Jenerali Babangida aliufuta uchaguzi wa rais. Mafuta yalipoanza kuleta fedha, mtawala hakuitegemea tena kodi ya mkulima, wala hakuona haja ya kumwomba ridhaa. Nanga alichota kwa kijiko, wenye bunduki wakachota kwa upawa. Achebe aliutaja ugonjwa barabara. Sisi wasomaji ndio tuliodhani askari ni tabibu.