Excel ilipojaa, hakuna aliyeambiwa

Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 walikosekana katika takwimu za kila siku za Uingereza. Walikuwa wamepimwa, na wenyewe walikwisha kupewa majibu. Ila majina yao hayakuwafikia kwa wakati wale ambao kazi yao ilikuwa kupiga simu na kuuliza: umekaa na nani, umesafiri na nani, nyumbani mko wangapi? Kwa ugonjwa unaoruka kutoka mtu hadi mtu ndani ya siku chache, simu iliyochelewa wiki nzima haisaidii sana.

Maabara binafsi zilikuwa zikituma matokeo kwa faili za CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, ambayo hayana kikomo cha mistari. Shirika la afya ya umma, Public Health England, lilikuwa na utaratibu unaojiendesha wenyewe wa kuyakusanya matokeo hayo katika faili za Excel kabla ya kuyapeleka kwenye mfumo mkuu. Faili hizo zilikuwa za muundo wa zamani, XLS, ambao karatasi yake moja inaishia mstari wa 65,536. Mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo faili moja ilijaa ikifikisha wagonjwa wapatao 1,400. Waliozidi hapo waliachwa nje, na kazi ikaendelea kana kwamba wote wameingia.

Baadaye wachumi Thiemo Fetzer na Thomas Graeber walilinganisha maeneo yaliyoathirika zaidi na kosa hilo na yale yaliyoathirika kidogo. Wakakadiria kuwa ucheleweshaji ule unahusiana na maambukizi ya ziada zaidi ya 125,000 na vifo zaidi ya 1,500.

Wengi waliokisimulia kisa hiki waliishia kuilaumu Excel, na wengine wakasema dawa ilikuwa kuhamia XLSX, muundo uliokuwapo tangu 2007 wenye mistari 1,048,576. Sikubaliani nao. Mistari mingi zaidi ingesogeza tu siku ya kujaa. Excel ni programu bora ya kupiga hesabu mbele ya macho ya mtu anayeijua hesabu yake. Pale ilipewa kazi ya kupitisha kumbukumbu za watu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, usiku na mchana, bila mtu wa kuuliza mwishoni: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi? Waziri wa Afya wa wakati huo, Matt Hancock, aliliambia Bunge kwamba mfumo ule ulikuwa wa kizamani na kwamba tangu Julai walikwisha kuamua ubadilishwe. Maana yake udhaifu ulijulikana. Programu ile haikuchaguliwa kwa ajili ya janga. Ilikutwa mezani, ikatumika.

Ndivyo zilivyo ofisi nyingi, zikiwamo za kwetu. Chukua namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Karani akiiandika mfululizo bila vistari kwenye seli ya kawaida, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na kurekebisha muundo wa seli baada ya hapo hakuzirudishi. Namba ya simu inayoanza na 07 nayo hupoteza sifuri yake. Orodha ya wanachama wa SACCOS inaweza kuharibika hivyo kwa miezi, na hakuna ujumbe wowote unaotokea kwenye skrini. Kwangu, hilo ndilo swali la kwanza la kuiuliza programu yoyote kabla ya bei na kabla ya uzuri wa kurasa zake: kitu kikikosekana, utaniambia?

Kenya inatupa mfano wa programu iliyochaguliwa kwa makini. Kabla ya 2011, wilaya zilikuwa zikijaza takwimu za afya kwenye majedwali ya Excel na kuyatuma makao makuu. Mwaka huo wizara ilihamia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo asili yake ni mradi ulioanzia Afrika Kusini miaka ya 1990. Walianza kwa majaribio Mkoa wa Pwani, wakaona huko huko kwamba mtandao wa simu ungetosha: modemu ndogo kwenye kompyuta ya wilaya, na takwimu zikaandikwa moja kwa moja kwenye seva moja ya taifa. Intaneti ya jengo la wizara ilipoonekana haiwezi kubeba mzigo huo, seva ikakodiwa nje ya nchi. Uamuzi huo ulizua maswali halali kuhusu nani analinda takwimu za wananchi, lakini watu wa wilayani walipata mfumo unaofunguka. Na DHIS2 inaonyesha kituo gani hakijaleta ripoti ya mwezi, na inaweza kuwekewa kanuni za kuhoji takwimu zisizowiana. Pengo linaonekana kwa jina la kituo.

Nikupe neno wewe unayeshika kalamu ya kuidhinisha. Kabla hujasaini mkataba wa mfumo mpya, mtake muuzaji aingize mbele yako data inayofanana na ya ofisi yako, mara kumi ya ile ya mwezi wenye kazi nyingi, ikiwa na namba ya NIDA pungufu, mteja asiye na simu na mstari uliorudiwa mara mbili. Mkalishe pembeni karani wa masjala, maana ndiye atakayeutumia kila siku, asome skrini inasema nini kuhusu makosa hayo. Isiposema kitu, usisaini.