"Kanuni ya Alama": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi wanazotumia walimu wanapofafanua fizikia kwa Kiswahili imo "kanuni ya alama", yaani utaratibu wa kuamua umbali upi uandikwe kwa chanya na upi kwa hasi katika hesabu za vioo vilivyopinda. Madhumuni yetu hapa ni kuonyesha kwamba istilahi hii inapotosha.

Tuchukue daladala iliyosimama kituoni Ukonga. Tuseme kioo chake cha ubavuni, ambacho ni mbinuko, kina umbali wa fokasi wa sentimita 60, na abiria yuko sentimita 300 mbele yake. Utaratibu wa kwanza huipa taswira halisi chanya na isiyo halisi hasi: abiria ni +300, fokasi ni -60, na jibu ni -50. Utaratibu wa pili hufuata mwelekeo wa mwanga unaoingia: abiria ni -300, fokasi ni +60, na jibu ni +50. Alama zimepingana, lakini taswira ni ile ile, sentimita 50 nyuma ya kioo. Mwanafunzi akichanganya +300 ya kwanza na +60 ya pili atapata +75, kana kwamba abiria wa pili anaelea mbele ya kioo!

Chimbuko moja la mkanganyiko huu ni neno lenyewe. Asomaye "Kanuni ya Archimedes" anajua kuwa hiyo ni hali ya maumbile, haichaguliwi. Aidha, mlingano wenyewe nao huitwa "kanuni ya kioo", ilhali mlingano huo haubadiliki katika taratibu zote mbili. Alama ni suala la watu kupatana, kama kuendesha gari kushoto. Nchi nyingine huendesha kulia na hufika salama. Balaa ni kuchanganya pande hizo katika barabara moja.

Kwa hiyo tunapendekeza "mapatano ya alama", na chini yake "mapatano ya uhalisi" na "mapatano ya mwelekeo". Wapo watakaodai kwamba "mapatano" ni neno la mikataba na usuluhishi. Ndiyo sababu tumelichagua. Mfasiri naye ataje mwanzoni mwa sura ni mapatano yapi anayoyafuata, na aeleze kwamba hasi haipunguzi umbali, kwani hakuna aendaye Ukonga kwa kilomita hasi. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.