Bima ya boti ya mfereji: usianze na bei

Kwenye mifereji ya Uingereza, mwenye boti ndogo ya starehe hana ujanja wa kukwepa bima. Canal & River Trust, taasisi iliyorithi mifereji ya England na Wales kutoka British Waterways mwaka 2012, haitoi leseni mpaka uwe na hati ya usalama wa boti, inayodumu miaka 4, pamoja na bima ya madhara kwa wengine isiyopungua pauni milioni 2. Wenye magari wa Dar wangeiita bima ndogo. Bima kubwa, ile inayolipia na chombo chenyewe, ni hiari yako, na humo ndimo ulinganishaji unamoharibikia.

Nilikaa na rafiki yangu kumtafutia bima ya boti yake ya faiba, futi 22, yenye injini ya nje. Tukaandika bei za kampuni tatu, ndogo juu, kubwa chini. Kazi bure. Bei moja ilikuwa na kodi ya bima ya asilimia 12 ndani yake, nyingine kodi ilikuwa bado. Huku mteja anajibebea pauni 100 za mwanzo za kila hasara, kule 250. Ikabidi tuanze upya: thamani ileile, kiasi kilekile cha kujibebea, kodi ndani. Bei zikasogeleana mno, na kilichobaki kuzitenganisha ni masharti.

Sharti la kwanza kulitazama ni la thamani. Watu hutaja bei ya chini ili walipe kidogo. Chukua mfano: boti ya pauni 12,000 imekatiwa bima ya 8,000, kisha ikaumia hasara ya 3,000. Kampuni yenye sharti la uwiano italipa theluthi mbili, yaani 2,000, na bado itatoa kile kiasi cha kujibebea. Ulichookoa kwa mwaka kimekwenda kwa dai moja.

La pili ni kuzama, na hapa nitakawia kidogo. Ndani ya loki, kile chumba cha kushushia boti kutoka maji ya juu kwenda ya chini, kuna kizingiti cha zege au mawe chini ya lango la nyuma. Mstari mweupe ukutani unaonyesha kinapoishia. Nahodha akizembea, tezi linakalia kizingiti huku maji yanashuka. Omo linaendelea kwenda chini, boti inainama, na dakika chache baadaye maji yamo ndani. Aliye na bima ndogo hapati kitu kwa boti yake. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 1983 inairuhusu mamlaka ya mfereji kuondoa chombo kilichozama na kumdai mwenyewe gharama. Winchi na wapiga mbizi wanaweza kuzidi bei ya boti kuukuu. Kwa hiyo tulitafuta maneno mawili tu kwenye kila bima ndogo: kuondoa mabaki. Moja haikuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Mengine ni ya kupitia haraka. Kuchakaa na kutu havilipwi popote. Injini iliyopasuka kwa barafu hulipwa tu kama maji yalitolewa kabla ya baridi, na injini ya nje iliyoibwa bila kufuli ni ya kwako. Boti ikizeeka, mara nyingi kuanzia miaka 20 hadi 30, kampuni hudai ripoti ya mkaguzi, tena chombo kikiwa nje ya maji. Hiyo ni gharama ya bima hata kama haiandikwi kwenye bei.

Kwa boti ambayo ungeweza kuipoteza usilie, bima ndogo yenye kuondoa mabaki inatosha. Rafiki yangu asingeweza; alichukua bima kubwa, iliyokuwa ya pili kwa bei, akataja thamani ya kweli, na siku hiyohiyo akanunua kufuli la injini.