Malungu ya Ufipa Yastahili Heshima ya Hekalu

Kwenye kilele cha Tianzhu, katika milima ya Wudang nchini China, limesimama hekalu la Kitao la shaba iliyopakwa dhahabu, lililojengwa mwaka 1416 kwa hazina ya mfalme. Vipande vyake vilisubiwa Beijing, vikapandishwa mlimani na kuungwa huko. Tangu 1994 majengo ya Wudang yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO, nayo yanastahili. Lakini sisi wa Kawajense hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kuona ibada na ufundi wa madini vikienda pamoja. Tuifuate barabara ya Sumbawanga, tupite Sitalike mpaka Nkasi, tuliyokuwa nayo mkoa mmoja wa Rukwa hadi 2012. Huko ndiko kwenye malungu, matanuru ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma.

Ilungu lilifika mita 3 hivi, kuta zake za udongo wa kichuguu zikipungua upana kadiri zilivyopanda. Chini paliachwa matundu pande zote, yakatiwa mabomba ya udongo. Mivukuto haikuwapo: hewa ya moto ilipanda, hewa baridi ikaingia matunduni, na moto ukajipuliza wenyewe siku kadhaa. Basi mjenzi alipaswa kujua, kabla hajawasha, kimo kitakachovuta hewa ya kutosha na unene utakaostahimili joto. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na takataka, kikasafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kuzitenga hatua hizi mbili ni uhandisi kamili, na kwangu ndio ubora mkuu wa ufundi huu.

Atatokea wa kusema kwamba dawa zilizofukiwa chini ya tanuru, na mwiko wa mafundi kutolala na wake zao, havikuyeyusha jiwe hata moja. Kwa kemia, ni kweli. Ila miiko hiyo iliwafunga mafundi kwenye kazi isiyovumilia uzembe, na kikapu kilichobeba dawa hizo hakikushikwa na yeyote tu. Mwingine atadai kwamba ufundi uliouawa na majembe ya kiwandani ulikuwa duni. Kilichoshinda ni bei, na bei haipimi akili ya mjenzi. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, aliyachunguza mabaki ya Nkasi miaka ya 1990, kwa hiyo maarifa yapo. Walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi wakayaone; nazo halmashauri ziyawekee uzio na paa malungu yaliyosalia, kwa maana mvua inayamomonyoa kila mwaka.