Mistari Mitano ya Ijumaa

Kwenye lango la shule aliyosoma mwanangu wa pili, huku kwetu Lushoto, pana ubao mweusi usiozidi mlango wa kabati kwa ukubwa. Umepigiliwa ukutani chini ya kipenu cha bati ili mvua isiufikie. Kila Ijumaa saa nne na nusu, watoto wakiwa wanakunywa uji, Sista, mwalimu wao, hutoka na chaki na kitambaa kibichi. Huufuta ubao toka juu hadi chini, husubiri ukauke, kisha huandika habari za wiki. Mistari mitano. Ikizidi sana, sita. Nimezisoma habari hizo kwa miaka mitatu, na leo nataka kuisifu kazi ile, maana katika uandishi wa habari za watu wachache wanaojuana sijaona fundi anayemfikia.

Neno habari tunalo mdomoni kutwa. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za shamba, habari za tangu juzi. Na jibu hutoka kabla swali halijaisha: nzuri. Hata mwenye mgonjwa ndani huanza na nzuri, ndipo aseme ila. Watoto nao hujifunza mapema. Muulize habari za shule, nzuri. Muulize amefanya nini leo, amecheza. Basi unamshika mkono mnapanda kilima, na zile saa nne alizoishi bila wewe zimekwisha hivyo, kwa neno moja. Sista huanzia pale penye ila.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, wakati ukungu unashuka hadi madirishani, niliunakili ubao wote kwenye daftari langu la mahesabu ya duka. Ulisema hivi: Mtoto mmoja amemimina maji toka jagi hadi jagi mara 17, na mara ya mwisho hakuna tone lililodondoka. Maharage tuliyopanda yameota 7 kati ya 10. Herufi a zimekwisha sandukuni, tunakata nyingine. Mlinzi wetu amefiwa na mama yake, yuko Mlalo hadi Jumatano. Jumatatu njooni na soksi za akiba, sakafu ina baridi.

Hakuna mtoto aliyeitwa hodari hapo, wala wiki iliyoitwa ya mafanikio. Ila ukimaliza kusoma, umelijua darasa. Umeujua mkono ulioacha kutetemeka, umejua maharage matatu bado yako gizani na huenda kuna mtoto anayekwenda kuyachungulia kila asubuhi. Umejua pia kwamba ukimkuta kijana mgeni langoni Jumatatu usimuulize mwenzake yuko wapi kwa sauti ya mzaha.

Binti yangu wa kwanza alisoma kwingine, nami nalisema hili kwa uchungu ambao haujaisha. Shule ile ilikuwa na jarida lililochapishwa kwa rangi kila mwezi. Nusu ilikuwa ada na tarehe za ada, nusu picha za mgeni rasmi akikata utepe. Kwenye karatasi ya maendeleo waliandika, muhula baada ya muhula, kwamba binti anaendelea vizuri. Mwaka mzima aliendelea vizuri. Kumbe alikuwa haoni ubao. Aligundua bibi yake, siku alipomwona anauinamia mchele kuuchambua hadi pua inakaribia kugusa ungo. Leo anavaa miwani na anasoma vizuri, lakini ule mwaka haurudi. Kila nikisikia mwalimu anasema mtoto anaendelea vizuri, moyo wangu huuliza: umemwona akifanya nini?

Sista humwona. Dirishani pana kiti kifupi, naye hukaa hapo kila asubuhi kama dakika ishirini, daftari dogo magotini, hafundishi, haiti mtu, anaangalia tu. Siku ya kwanza nilipochungulia na kumkuta vile nilidhani anaumwa. Darasa ni moja, watoto hawafiki 30, wa miaka 3 hadi 6 wamechanganyika, kila mmoja na mkeka wake wa ukindu sakafuni na kazi aliyojichagulia. Anaandika saa, kitu kilichochukuliwa, mara ngapi kimerudiwa, nani alisogea karibu na nani. Ijumaa anachukua kurasa tano za daftari na kuzikamua hadi mistari mitano.

Kazi hiyo ya kiti cha dirishani ina asili yake. Shule hii hufuata njia ya Maria Montessori, ambaye alikuwa daktari kabla hajawa mwalimu. Alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, na daktari hufundishwa kumtazama mtu kwanza, dawa baadaye. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, ndani ya jengo lilelile walimoishi wazazi wao. Humo alimkuta msichana wa miaka kama mitatu akitoa silinda ndogo za mbao kwenye matundu yake na kuzirudisha, tena na tena. Montessori akahesabu. Akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka, msichana hakuinua macho. Akambeba pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Mtoto akazikumbatia silinda, akazipakata, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe na kutazama huku na huku kwa uso wa mtu aliyeamka usingizi mzuri. Mengi aliyokuja kuandika juu ya umakini wa mtoto mdogo yalianzia kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa alikubali kukaa na kuhesabu.

Na jambo moja la San Lorenzo hunigusa zaidi, nalo halisemwi sana. Nyumba ile ilikuwa na kanuni zilizobandikwa ukutani, na kanuni mojawapo ilihusu akina mama: angalau mara moja kwa wiki waweze kuzungumza na mwalimu, wampe habari za mtoto nyumbani, wapokee ushauri wake. Yaani habari zilikwenda pande zote mbili. Hata pale kwetu, chini ya ubao Sista huacha nafasi ya kiganja kimoja na kipande cha chaki juu ya tofali. Mama mmoja aliwahi kuandika hapo kwamba mtoto wake amepata mdogo, hivyo wiki hii anaweza kulia bila sababu. Sijui kama kuna fomu ya shule yenye nafasi ya kuandika jambo kama hilo.

Nirudi kwenye zile herufi a, maana ile habari niliielewa vibaya mwanzoni. Nilidhani zimepotea. Nilipomuuliza, Sista alinionyesha sanduku la herufi za kuhamisha, kila herufi na chumba chake, irabu za bluu na konsonanti nyekundu. Mtoto ambaye mkono wake haujaweza kuandika huchukua herufi hizo na kupanga maneno mkekani kama anavyoyasikia. Kiswahili ni rafiki mkubwa hapo, kwa kuwa tunaandika karibu kile tunachotamka. Wiki ile mtoto mmoja alipanga: mama anapika maharage. Hesabu mwenyewe. Herufi 19, na katika hizo a ziko 8. Alipofika kwenye neno la tatu, chumba cha a kikawa kitupu, akasimama na sanduku mikononi, akamwendea Sista na kumwambia kwamba mama hawezi kumaliza kupika. Mkeka ulikuwa umejaa bluu. Mstari mmoja wa ubaoni ulikuwa umebeba yote hayo: mtoto amegundua kwamba maneno yamo ndani yake, na yanazidi yale yaliyomo sandukuni. Usiku ule mimi na mume wangu tulikata herufi a 20 kwenye karatasi ngumu ya boksi, tukazipaka rangi ya bluu, na sikumbuki jioni nyingine ya muhula ule tuliyokaa pamoja muda mrefu hivyo bila simu.

Sasa niseme la mchemraba.

Mnara wa pinki una michemraba 10 ya mbao. Mkubwa una sentimita 10 kila upande, mdogo sentimita 1, kiasi kwamba ungehitaji ile midogo 1,000 ili ijaze nafasi ya mkubwa mmoja. Darasani kuna mnara mmoja tu. Anayeutaka husubiri mwenzake amalize. Ijumaa fulani ubao ukasema: Mchemraba mdogo kabisa haujaonekana tangu Jumanne. Ni kama punje nene ya mahindi, ubavu mmoja umechubuka rangi. Mnara wetu unaishia hewani. Tunaomba tuangalie mifukoni.

Jumamosi nilikuwa nafua. Niliposhika sweta la mwanangu ndani ya beseni nikahisi kitu kigumu pembeni mwa mfuko. Nikakitoa. Povu likateremka, ikabaki pinki, na ubavu uliochubuka ukaonekana. Niliona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Nikamwita, nikamwonyesha, akauficha uso wake kwenye kanga yangu. Hakusema kwa nini, nami sikumlazimisha. Jumatatu nikampa aubebe mwenyewe mkononi.

Sista alikuwa mlangoni akisalimia watoto. Mwanangu akasema shikamoo, halafu akafungua ngumi. Sista akautazama ule mchemraba kwa muda, akasema, "Marahaba. Huu unakaa wapi?" Mtoto akaenda. Nikamwona kwa mbali akiujenga mnara wote toka chini, tisa kwanza, taratibu, kisha akauweka wa kumi juu na kurudisha mikono yake nyuma.

Nilingoja Ijumaa kwa hofu. Lushoto ni mji mdogo na lango la shule ni dogo zaidi. Jina likitajwa hapo, hadi jioni limefika sokoni. Ubao ukasema: Mchemraba umerudi. Mnara umefika juu. Basi. Sentensi mbili, na ndani yake hapana mwizi, hapana aliyesamehewa, hapana mama wa nani. Lugha yetu ina neno sitara, na wengi wetu tunadhani kusitiri ni kunyamaza. Sista alisema kweli yote iliyokuwa haki yetu kuijua, na akamfunika mtoto kwa kweli hiyohiyo. Kwangu mimi ufundi wake ulifika kilele siku ile. Kuficha ni rahisi, na kutangaza ni rahisi zaidi. Kupata maneno yanayofanya yote mawili kwa mpigo, kwa chaki, ukiwa umesimama juani, huku uji unapoa ndani, kunahitaji mtu aliyefikiri wiki nzima.

Yako mengine ningeweza kuyasimulia. Siku za kuzaliwa, kwa mfano, ambapo ubao husema mtoto fulani atalizunguka jua mara 5, na kweli huzunguka mshumaa uliowashwa katikati ya duara akiwa amebeba tufe la dunia, mzunguko mmoja kwa kila mwaka aliouishi, na mama yake huulizwa kila mzunguko: mwaka huu alijifunza nini? Hapo tu jina huandikwa kwa herufi kubwa.

Mwanangu alimaliza pale Desemba, akiwa na miaka sita na miezi minne. Ijumaa mojawapo ya mwisho nilichelewa kumchukua. Nilimkuta langoni peke yake na mlinzi, amesimama mbele ya ubao, kidole kimeinuliwa lakini hakigusi, maana chaki hufutika. Midomo ilikuwa inacheza. Nikasimama nyuma yake nisimkatize. "Ja, gi. Jagi. La ki, o, o." Akavuta pumzi. "Li, me, vu..." Hapo akakwama kwenye nj, akairudia mara tatu hadi ikatoka. Jagi la kioo limevunjika. Tumefagia pamoja.

Ni majagi ya kioo kweli. Sista hakubali ya plastiki, kwa sababu la plastiki halimwambii mtoto kwamba mkono wake una haraka.

Aligeuka akaniona. "Ni mimi," akasema. "Limevunjikia kwangu. Sista alifagia vile vikubwa, mimi nikashika kizoleo. Halafu kipande kimoja kilikwenda mbali, mama, mbali kabisa, chini ya rafu ya shanga, na aliyekiona ni mimi."

Nikamshika mkono tukaanza kupanda kilima. Hadi tunafika sokoni alikuwa bado ananieleza kila kipande kilikwenda wapi.