Nguvu, Kani na Mgandamizo: Istilahi za Sayansi ya Miundo Shuleni

Zege ni imara likigandamizwa, bali ni dhaifu likivutwa. Udhaifu huo si mdogo, kwani uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Ndiyo sababu boriti ya zege iliyoegemea kuta mbili hulazwa nondo zake upande wa chini, ambao ndio uvutwao na mzigo. Na zege la kibaraza lililojitokeza nje ya ukuta pasipo nguzo hulazwa nondo zake upande wa juu. Fundi stadi ye yote analijua jambo hili. Tunalitaja kwa kuwa ni kipimo kizuri cha kuhakiki istilahi zetu: je, mtoto aliyehitimu elimu ya msingi aweza kulieleza kwa Kiswahili pasipo kuacha shaka?

Tulipata kuketi nyuma ya darasa moja wakati somo hili likifundishwa. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba nguvu ikizidi nguvu ya boriti, boriti huvunjika. Mwanafunzi mmoja akauliza ni nguvu ipi kati ya hizo mbili ndiyo iliyo mbaya. Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa la kisayansi kabisa. Nguvu ya kwanza ni tendo litokalo nje na kukielemea kitu. Nguvu ya pili ni sifa ya kitu chenyewe. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na tukiongeza nguvu za umeme na nguvu za mwili, mizigo hiyo inazidi hata kuhesabika.

Wasanifishaji waliliona tatizo hili mapema, wakaichukua istilahi ya kani kwa maana ile ya kwanza. Uteuzi huo ni mzuri. Neno lenyewe si geni, kwani wazee hulitumia kwa juhudi na hata kwa ukaidi wa mtu asiyetaka kushindwa, na maana hizo haziko mbali na ile ya kitu kisukumacho au kivutacho. Kasoro iko kwetu sisi tunaofasiri na kuandika. Tunaifafanua kani katika ukurasa wa kwanza wa sura, kisha katika ukurasa wa tatu tunarudia nguvu, kana kwamba fasili ile ilikuwa ya mtihani tu. Tungependekeza kani ibaki kwa tendo, uimara uwe sifa ya kitu, na nguvu iachwe iendelee na shughuli zake za mitaani.

Mgandamizo ni kisa kirefu zaidi. Watabiri wa hali ya hewa hututangazia mgandamizo mdogo wa hewa. Hospitalini jambo la namna hiyo hiyo huitwa shinikizo la damu, na mgonjwa akifika nyumbani husema ana presha. Kwenye gereji fundi hana habari na maneno hayo yote; yeye hupima upepo wa tairi. Mwanafunzi naye akifungua kamusi ya fizikia anakutana na kanieneo. Wote hawa wanazungumzia kitu kimoja, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inalolielemea. Hatusemi kwamba mgonjwa akatazwe kusema presha. Lakini katika kitabu cha shule kanieneo inastahili kushika nafasi yake peke yake, kwani imejengwa kwa viungo vinavyojieleza: humo mna kani na humo mna eneo, na mtoto akiuangalia muundo wa neno amekwisha kuipata kanuni yake. Kisu kilichonolewa hukata kuliko kisu butu kwa kani ile ile, kwa sababu eneo la makali yake ni dogo. Kanieneo yasema hivyo, mgandamizo hausemi.

Tena mgandamizo unahitajika kwingine. Nguzo ya nyumba inabebeshwa paa juu na kuzuiwa na msingi chini. Chembe zake zinasongwa pamoja. Hali hiyo haina jina jingine linaloifaa kama mgandamizo. Tukiendelea kulitumia neno hili kwa hewa pia, tutakuwa tumeinyang'anya nguzo jina lake.

Kinyume cha mgandamizo ni hali ya kamba inayovutwa huku na huku, nayo huitwa mvutano. Hapa twasita. Mvutano una kiambishi cha kutendana, nao ni sahihi kabisa kwa dunia na mwezi, kwa kuwa kila kimoja humvuta mwenziwe, kama Newton alivyoonyesha mwaka 1687. Kamba haimvuti mtu kwa namna hiyo, yenyewe imekazwa. Wavuvi husema kaza kamba. Kwa nini basi isiwe mkazo? Walimu wa lugha watalalamika kwamba mkazo ni wao, katika silabi. Wasiwe na hofu, silabi na kamba haziwezi kuchanganywa.

Lipo neno ambalo hatujaona likipewa haki yake. Boriti iliyoelemewa hupinda kidogo katikati, na mzigo ukiondolewa hurejea. Vitabu husema imepinda, neno ambalo pia hutumika kwa msumari uliopinda usirudi tena. Kiswahili kina kunepa: tawi hunepa kwa matunda, ufito hunepa kwa ndege aliyetua. Mnepo ungekuwa istilahi bora. Na mfano wake uko tayari katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo vyumba vyake ni virefu lakini upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Si kwamba wajenzi walipenda wembamba. Dari zao za mawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Fizikia yawaunga mkono, kwani kwa mzigo ule ule katikati, boriti ya unene ule ule ikirefushwa mara 2, mnepo wake huongezeka mara 8. Mwalimu aliye na mfano huu hana haja ya kuazima daraja la ng'ambo.

Juu ya uzito na tungamo hatutasema mengi. Mfuko wa saruji una tungamo la kilo 50 na uzito wa takriban niutoni 490. Sokoni watu wataendelea kusema uzito kilo 50, wala hakuna ubaya.

Baadhi ya walimu hutuambia kwamba juhudi hizi ni bure, kwa kuwa mwanafunzi wa Tanzania akiingia sekondari atakutana na Kiingereza. Hoja hiyo inamsahau asiyeingia sekondari, ambaye mara nyingi ndiye atakayelaza nondo. Inamsahau pia mtumishi wa halmashauri anayefasiri maelekezo ya ujenzi kwa ajili ya kijiji. Akiandika kwamba nondo ziwekwe upande wenye mgandamizo, kwa kuwa hakupata neno jingine la kani, kibaraza kitasimama hadi mbao za kushikilia zege zitakapoondolewa.

Tungewaomba wasomaji walio karibu na mafundi waashi na maseremala watuandikie maneno yanayotumika huko, yakiwa na maelezo ya kazi ya kila kitu. Kenchi, pau, kombamoyo na mtambaapanya tunayo. Jina la upande wa boriti unaovutwa, kama mafundi wanalo, bado halijatufikia.