Mafundi wa Hofu wa Rue Chaptal

Mwaka 1897 Oscar Méténier alifungua ukumbi wa maigizo ndani ya jengo lililokuwa kanisa dogo, mwisho wa kichochoro kinachochepuka kutoka rue Chaptal, eneo la Pigalle, Paris. Ukumbi ukaitwa Grand-Guignol. Viti vyake havikufika 300. Malaika waliochongwa kwa mbao waliachwa palepale juu, wakitazama jukwaa dogo lililosogeleana mno na safu ya mbele. Ukaribu huo ndio uliotawala kazi yote iliyofuata. Katika ukumbi mkubwa mwigizaji akipiga ukelele na kuanguka, inatosha. Hapa mtazamaji aliona ukucha, aliona jasho, aliona ncha ya kisu. Kumtisha mtu aliyekaa karibu kiasi hicho kulihitaji ufundi wa kweli.

Kazi ilianzia kwenye karatasi. André de Lorde, aliyefanya kazi katika maktaba ya Arsenal, aliandika zaidi ya michezo 100 ya kutisha, na baadhi aliiandika pamoja na Alfred Binet, mwanasaikolojia yuleyule aliyetunga kipimo cha akili. Ustadi wake unaonekana zaidi pale anapoinyima hadhira damu. Mwaka 1901 yeye na Charles Foleÿ walitoa mchezo kuhusu simu, ulioigizwa kwanza katika ukumbi wa Antoine. Mume yuko mbali na nyumbani. Anashika simu na kuisikia familia yake ikishambuliwa, asiweze kufanya lolote. Jukwaani hakuna maiti. Kuna mtu mmoja, chombo cha kusikilizia, na uso unaobadilika.

Mwenzake Maurice Level, mwandishi wa hadithi fupi za ukatili, alikuwa na subira ya aina hiyohiyo. Mchezo wake *Le Baiser dans la nuit* uliigizwa Grand-Guignol mwaka 1912. Mwanamke amemmwagia mwanamume tindikali usoni. Mwanamume amekuwa kipofu, kichwa chake kimezungushiwa bendeji, na bado amemwombea mwanamke huyo huruma mahakamani. Sasa anamwomba aje amwone mara moja tu. Mwanamke anakuja. Mwanamume anaomba asogee. Anaomba mkono. Anaomba busu la mwisho. Kila ombi ni dogo, na ni vigumu kulikataa kwa sababu lililotangulia limeshakubaliwa. Tindikali inapotokea tena, safari hii mkononi mwa kipofu, mtazamaji anagundua kwamba amekuwa akiiona njia hiyo tangu mwanzo. Bendeji nazo zimefanya kazi yake: muda wote zimemlazimisha kila mtu aichore kichwani sura iliyo chini yake.

Baada ya maandishi yalikuja mazoezi na vifaa. Paul Ratineau, mwigizaji na msimamizi wa jukwaa, anatajwa kwa hila nyingi za ukumbi huo. Damu ilichanganywa kwa gliserini na karmini, rangi nyekundu inayotolewa kwenye miili ya wadudu wadogo. Ilipashwa moto kabla ya kutumika, ikaingia jukwaani ikiwa nyepesi na inayong'aa. Kisha, ikipoa juu ya ngozi ya mwigizaji, ilianza kuwa nzito na kuganda. Hapo ndipo penye ubora wa kazi ile. Rangi ya kawaida ingeonekana damu kwa nukta chache tu, halafu ingebaki rangi. Hii ilibadilika jinsi damu inavyobadilika, mbele ya macho ya watu, bila mtu kuigusa.

Tutazame mkato mmoja wa shingo. Kisu ni butu. Kwenye mpini kuna kibofu kidogo cha mpira kilichojazwa damu bandia, na upande wa bapa usioelekea hadhira kuna mrija mwembamba. Muuaji anasimama nyuma ya mhanga na kumshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akiinua uso wake kuelekea kwenye taa. Kila mtu sasa anayatazama macho yale, na hakuna anayekitazama kidole gumba. Bega la muuaji linageuka kidogo, kiasi cha kuuficha mrija. Kisu kinagusa ngozi na kusita, kisha kinavutwa polepole huku kidole gumba kikibana. Mstari mwekundu unafuata nyuma ya makali. Mkono wa mhanga unapanda shingoni, na ndani ya kiganja kuna sifongo iliyolowa. Anaposhika jeraha, anaikamua, na damu inapita katikati ya vidole. Hila hiyo ikiwahi au ikichelewa nukta moja, ukumbi mzima unacheka. Ndiyo maana tendo hilo fupi lilihitaji mazoezi marefu.

Na mhanga ni nusu ya ufundi. Maxa, aliyeanza kuigiza hapo mwaka 1917, alipata sifa ya kuwa mwanamke aliyeuawa mara nyingi kuliko wote duniani. Kufa kila jioni bila kupoteza sauti ni nidhamu. Ukunga hauanzi juu. Unaanza kama pumzi inayokosa njia, unapanda, unakatika, unarudi, na katikati ya kukatika huko ndipo mwigizaji anapojaza tena mapafu yake. Anapoanguka ni lazima ajue ubao gani wa jukwaa utampokea, sifongo itakwenda wapi, na uso wake ubaki upande gani ili damu inayoganda ionekane.

Hata mpangilio wa jioni ulikuwa na hesabu yake. Michezo mifupi ilipishana, wa kuchekesha ukifuatwa na wa kutisha. Kicheko kililegeza mabega ya watu, na hofu ikawakuta hawajajikinga. Max Maurey, aliyeuongoza ukumbi kuanzia 1898, aliweka daktari kwa ajili ya waliozimia. Ilikuwa pia njia ya kuutangaza ukumbi, lakini ilimwambia mtazamaji jambo la kweli: aliyeandaa kisu ameandaa pia mtu wa kukuhudumia.

Hapa ndipo ninapoona mvuto wa hadithi za damu, za jukwaani na za vitabuni. Mpenzi wa hadithi hizi hatamani mateso ya mtu. Anatafuta mkono hodari wa kumfikisha mahali ambapo peke yake asingethubutu kwenda, na kumrudisha mzima. Grand-Guignol ilifungwa mwaka 1962. Charles Nonon, mkurugenzi wake wa mwisho, alieleza kwamba haikuweza kushindana na Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi: kabla ya Vita vya Pili vya Dunia watu waliamini kuwa yale ya jukwaani hayawezekani. Wapenzi wa damu bandia hawakuridhishwa na damu halisi. Ilipomwagika, wengi wao waliondoka.

Ufundi wenyewe haukufa. Mwingereza Clive Barker aliandika na kuelekeza maigizo kabla ya juzuu za *Books of Blood* kuanza kutoka mwaka 1984, na katika kurasa zake mwili unafunguliwa kwa utulivu wa mtu anayejua taa iko wapi na jicho la msomaji liko wapi. Waandishi wabovu wa aina hii ni wengi, na dosari yao ni moja: wanamwaga damu kabla ya kumfanya msomaji ampende anayetokwa nayo.

Kwa hiyo ukimkuta mtu amezama katika kitabu chenye jalada la kutisha, usimshuku. Mwulize mwandishi amemfikishaje hapo, hatua kwa hatua, na umsikilize mpaka amalize.